Godoro la Sebuleni

"Kitanda?" Mzee Gaudence aliuliza, akacheka kwa pua. "Mama Hilda, umekatiza ua mzima asubuhi hii kuja kuniomba kitanda? Mimi ni mwenye nyumba au fundi seremala?"

Emiliana alikuwa amesimama chini ya baraza, jua limempiga usoni. Shikamoo yake haikuitikiwa. Barazani walikaa wageni wawili wa mzee, watu wa kanisani, wanakunywa chai kwa chapati, na wote wawili waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

"Si cha kununua, mzee wangu. Kile cha chuma ulichokiegesha nyuma ya choo. Mama mkwe wangu yuko hapa anangojea kupasuliwa jicho, analala chini sebuleni na mtoto. Kila wakiamka, vichwa vinawagonga, moyo unawaenda mbio. Bibi anapepesuka mpaka nimshike. Wakikaa nje kidogo wanakuwa wazima. Mimi naona kuna kitu kinatoka kwenye stoo yako ile ya ubavuni mwetu."

"Kitu gani kinatoka stoo?"

"Sijui, mzee. Lakini haya yameanza tangu ulipoziba madirisha yake ya barabarani. Kama kitanda hakipo, basi fungua hata dirisha moja."

Mzee Gaudence aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mstaafu, mzee wa kanisa, na alipokasirika alizungumza polepole kama anayesomea watoto imla.

"Mle ndani mna juisi ya zabibu. Juisi. Umelipa kodi ya chumba na sebule, hukulipia stoo wala madirisha yangu. Na kama hewa ya Majengo haikufai, mama, nenda kapange kule wanakokaa wabunge. Hewa imejaa tele."

Wageni walicheka. Mmoja alicheka mpaka chai ikampalia, akapigwapigwa mgongoni. Emiliana alirudi alikotoka huku masikio yanamwaka moto.

Juisi! Mtaa mzima ulijua ni juisi gani. Zabibu za shamba la mzee kule Mpunguzi zilikuwa zimeiva, wanunuzi wakasuasua, na mzee hakuwa mtu wa kuacha mali ioze. Alizileta nyumbani kwa matenga, akazikamua, akajaza simtanki, yale matangi ya plastiki, stoo nzima. Ule ndio mchuzi wa zabibu, na mchuzi wa zabibu hauna subira. Ukikaa, huanza kuchemka wenyewe bila moto, unatoa povu, unageuka pombe. Na unapochemka hutoa hewa ukaa, ile kaboni dioksidi tuliyokaririshwa darasani tukaisahau siku ya pili yake. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikiachiwa upepo hutawanyika, haimdhuru mtu. Ikikosa pa kutokea hujaa kuanzia sakafuni kwenda juu, kama maji kwenye karai.

Mzee hakuiogopa hewa. Aliogopa harufu ya pombe, maana dirisha la stoo lilitazama njia ya kwenda kanisani, na mzee wa kanisa hanuki pombe. Basi akaziba madirisha yote mawili kwa turubai, akayashindilia na udongo pembeni. Kwa watu alisema ni vumbi. Na kweli, upepo wa Dodoma mwezi wa nane unajulikana, vumbi lingeingia; uongo wa watu wazima siku zote huwa na kipande cha ukweli ndani yake. Kilichobaki wazi ni mlango wa zamani uliokuwa ukiunganisha stoo na sebule ya Emiliana. Uligongelewa misumari, ukawekwa ubao, lakini chini ukaacha mwanya wa kupitisha kiganja, na sakafu ya sebule ilikuwa chini ya ile ya stoo kwa kidato kizima cha ngazi. Emiliana aliushindilia mwanya ule vitambaa. Hewa haibishi hodi, ikapita vilevile.

* * *

"Umeenda kunidhalilisha kwa mzee," Abeli alisema jioni, hata kofia hajavua. Alikuwa dereva wa bajaji, na habari zilimfikia kijiweni kabla hajafika nyumbani. "Nimepakia abiria ananiuliza, eti mkeo anaomba vitanda mitaani?"

"Nimemwombea mama yako."

"Mama ana presha. Uzee tu. Mzee akikasirika akatutoa, tutaupata wapi ua wa kulaza bajaji? Hebu tulia, Emi. Mdomo wako utatuponza."

Bibi Tereza alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe, jingine linacheka. Alikuja kutoka Gulwe na mfuko wa karanga na maneno mengi. "Msigombane kwa ajili yangu," alisema. "Mimi nimelala chini tangu nizaliwe. Nyie wa mjini ndio mnaona sakafu ni ugonjwa."

"Mama, nisikilize," Emiliana alichuchumaa mbele yake. "Jana mchana Hilda alilala kitandani, akaamka anacheza. Usiku akalala chini na wewe, asubuhi kaamka analegea. Ubaya uko pale chini. Leo pandeni kitandani wewe na yeye. Sisi tutalala huku."

Bibi Tereza aliziba mdomo kwa kiganja. "Hee! Kitanda cha mwanangu na mkewe nikilalie mimi? Mwiko huo, mama. Mzazi haingii hata chumbani humo, sembuse kitandani! Wakisikia Gulwe, nani atakubali nimshikie kitoto chake kichanga? Watasema Tereza mji umempotosha."

"Hakuna atakayewaambia."

"Nitajua mimi."

"Muache mama na heshima yake," Abeli alidakia. "Unataka achekwe?"

Emiliana alitaka kusema kwamba heshima hailaliwi. Lakini mkwe ni mkwe, na mwiko si kitu unachobishana nacho kwa sauti mbele ya mume wako. Alimuinua Hilda, aliyekuwa ameanza kuchemka mwili, akasema basi walau mtoto atalala naye.

"Mchukue, mchukue," bibi alisema. "Ananipiga mateke. Ila kabla hujaenda, nizibie lile dirisha. Baridi ya huku inanitoboa masikio, utadhani ina sindano."

Emiliana alisimama mbele ya dirisha dogo la sebule, mkono kwenye kitasa. Aliacha ufa kidogo. Bibi akanung'unika. Basi akalifunga lote, kwa sababu mkwe akisema anasikia baridi, unafanya nini?

* * *

Asubuhi alifunua pazia na kuita, "Mama, umeamkaje?" Hakujibiwa. Bibi Tereza alikuwa amelala kiubavu, uso ameuelekeza kwenye ule mlango wa zamani, kitenge kimefunika bega vizuri kabisa. Emiliana aliinama kumgusa. Mara kifua kikambana, sebule ikamzunguka, akaona giza. Alijiinua kwa kushika ukuta, akapiga ukelele uliomtoa Abeli kitandani na Yusra, jirani muuza maandazi, kwenye karai lake.

Walimpakia kwenye bajaji. Njia nzima Abeli aliita, "Mama! Mama wee!" na watu barabarani wakawa wanageuka. Hospitali walimpokea, wakamlaza, wakamfunika. Alikuwa amekwisha kwenda.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya zamu ndefu. "Kwa jinsi mlivyonieleza, alikosa hewa. Mlilala na jiko la mkaa ndani?"

"Hapana, daktari. Jiko langu linalala kibarazani."

"Mama, kila mtu husema hivyo. Kila baridi mnatuletea watu, na kila mtu jiko lake lilikuwa nje."

"Kuna stoo upande wa pili, imejaa zabibu zinazochacha..."

Lakini daktari alishaitwa kwingine. Zabibu! Nani ana muda wa zabibu? Emiliana akageuka kwa mumewe apate mtu wa kusema naye. Abeli alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

"Emi," alisema. "Uliingiza jiko?"

"Wewe jana ulilala wapi, Abeli?"

"Jibu."

"Ulilala na mimi! Ulinyanyuka ukapita sebuleni hiyohiyo kwenda chooni! Uliliona jiko?"

Mtu uliyelala naye ubavu kwa ubavu, anakuuliza swali la askari. Kama si pale hospitali, Emiliana angemzaba kibao.

* * *

Mzee Gaudence aliubeba msiba kama wake. Alileta turubai na viti, akanunua mchele, akakodi gari la kumpeleka marehemu Gulwe. Watu walimsifu. Na kila aliyemshika mkono kumpa pole, mzee alimnong'oneza kwa huzuni, "Jiko, ndugu yangu. Nililiona pale mlangoni kwa macho yangu, bado lina majivu. Mabinti wa siku hizi hawasikii." Hadi mchana, midomoni mwa watu, jiko lilikuwa limefika sokoni, limezunguka magunia ya alizeti, na limerudi uani likiwa linawaka.

"Jiko lilikuwa nje, mimi ndiye niliyelipita alfajiri nikienda kuchota maji," Yusra aliwaambia wanawake.

"Wewe ni shoga yake," walimjibu, wakaendelea kuchambua mchele.

Dorothea, dada mkubwa wa Abeli, alifika kutoka Gulwe na nguo za safari. Hakulia. Alipita katikati ya waombolezaji, akaenda moja kwa moja hadi alipokaa Emiliana, akamchukua Hilda mapajani mwake kana kwamba anachukua mzigo wake.

"Wifi," alisema, "nakuuliza kitu kimoja. Mtoto huyu alikuwa analala na nani?"

"Na mama."

"Na usiku ule?"

"Alilala na mimi."

"Ulimtoa wako." Dorothea hakupaza sauti. "Ulijua pana ubaya, ukamtoa wako, mama yangu ukamwacha."

"Wifi, nilimsihi apande kitandani! Alikataa. Alisema ni mwiko."

"Sasa unamsingizia marehemu. Hayupo, atakubishiaje?" Akawageukia wanawake. "Tukimaliza kuzika, mtoto anabaki kwetu Gulwe. Simwachi mikononi mwa mtu wa namna hii. Na lile godoro pale sebuleni asiliguse mtu. Fungeni mlango. Nitalitoa mwenyewe, ni la mwisho alilolalia mama."

Mlango ukafungwa. Emiliana alimtafuta mumewe kwa macho kati ya wanaume. Abeli alikuwepo, alisikia kila neno, na alikuwa anakuna kidevu. Wako wanaume ambao ukimya wao watu huuita busara. Huu haukuwa busara hata kidogo, ulikuwa woga mtupu, na Hilda alikuwa analia "mama" kwenye bega la shangazi yake huku hakuna anayemrudisha.

* * *

Kesho yake, kabla ya kwenda kuchukua mwili, mwenyekiti wa mtaa alikuja kuliweka jambo sawa. Jina lake Matonya, mtu mpole aliyependa kila neno liishe kabla ya chakula. Alisema familia haina haja ya polisi, ajali ni ajali, na ni vizuri mama Hilda akiri mbele ya wazee kwamba aliteleza kuhusu jiko, aombe radhi, marehemu asindikizwe kwa amani. Akampa nafasi mzee Gaudence.

Mzee alisimama, akavua kofia. "Mimi sina kinyongo," alisema. "Nyumba yangu imepata doa, lakini nimesamehe. Namwombea binti huyu. Ujinga si dhambi."

Hapo ndipo Emiliana aliposimama. Kanga ilimdondoka begani, hakuiokota.

"Umenisamehe?" alisema. "Wewe? Nilikuja kwako nikasimama juani, nikakuomba, ukanicheka mbele ya wageni wako! Sikuingiza jiko. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya mama aliyelala mochwari. Kama sebule ile ni salama, mzee, mlango huo hapo na godoro liko palepale. Ingia. Lala. Weka kichwa pale alipoweka mama yangu, ufungiwe mlango, sisi tuimbe nyimbo mbili. Ukitoka unacheka, nitapiga magoti, nitasema jiko, na mtoto mchukueni."

Watu walimtazama mzee.

"Upuuzi gani huu?" mzee alisema. "Mimi nilale kwenye godoro la maiti?"

"Fanya hivyo, mzee, tumalize," mtu alisema kutoka nyuma.

"Nina pumu."

"Tangu lini?" Yusra aliuliza. Kuna aliyecheka.

Mzee alianza kutafuta kiti chake. Na hapo Dorothea akainuka, akampa Hilda mwanamke aliyekaa karibu.

"Nitalala mimi," alisema. "Nimechoka na maneno. Nitalala pale, nikitoka mzima, wifi, usinifuate Gulwe. Usikanyage."

"Si wewe!" Emiliana alimkimbilia. "Wifi, si wewe, nimesema yeye! Hapaingiliki, tangu jana pamefungwa!" Alimshika mkono. Dorothea aliuchomoa, akasukuma mlango, akaingia na kujitupa chini kifudifudi kwenye godoro la mama yake, uso ndani ya shuka, na kilio alichokizuia tangu jana kikamtoka chote. Mtu anayelia huvuta pumzi kwa nguvu. Alivuta mara kadhaa. Kilio kikakatika katikati.

"Inuka!" Ilikuwa sauti ya mzee Gaudence. Alikuwa ameangusha kiti, amenyoosha mkono mlangoni lakini haingii, macho yamemtoka. "Wewe mama, inua kichwa! Inua kichwa, inakaa chini hiyo! Inakaa chini!"

Emiliana alikuwa ameshaingia. Alibana pumzi, akamkamata wifi yake kwapani, akamburuta na godoro lake hadi nje. Yusra aliwapokea. Dorothea alikuwa wa kijivu usoni, anahema kama mtu aliyetolewa kisimani, kisha akatapika pembeni ya viti vya msiba. Walimpepea kwa kanga. Rangi ilianza kumrudi.

Hakuna aliyekuwa anamtazama tena. Wote walikuwa wamemgeukia mzee.

"Ni nini hiyo, mzee," Emiliana aliuliza, kifua kinapanda na kushuka, "inayokaa chini?"

"Nilisema... nilimaanisha joto."

"Joto linakaa chini?"

"Msinitazame hivyo!" Mzee alipaza sauti, jasho linamtiririka. "Mimi si muuaji! Vijana wangu wa stoo nawaambia kila siku, fungueni kwanza, ngojeni, na msiiname mle! Kila siku nawaambia! Waulizeni!"

Alidhani anajitetea. Mwenyekiti Matonya alifumba macho.

Dorothea alijiinua kwa viwiko, matapishi kwenye kidevu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua mzima uliisikia.

"Na mama yangu, ulimwambia?"

Mzee alianza kurudi nyumanyuma kuelekea stoo.

"Tuyaache haya mpaka baada ya mazishi," Matonya alisema haraka. "Gari limeshafika, ndugu zangu, dereva anangoja."

"Gari la huyu halimbebi mama yangu," Dorothea alisema. "Arudi nalo. Tutampakia hata kwenye mkokoteni. Na polisi waitwe sasa hivi, kabla hajaenda kuyafungua yale madirisha. Abeli! Bado umesimama hapo?"

Abeli alishtuka. Alimsogelea mkewe, akataka kumshika bega, akasema, "Emi, mimi nili..." Emiliana alilitoa bega lake. Hakuwa na nafasi ya kusikiliza Abeli alitaka kusema nini.

Dorothea alisimama kwa kuyumba, akakataa kushikwa. Alikwenda hadi kwa yule mwanamke aliyempa Hilda, akamchukua mtoto, akamfuta makamasi kwa ncha ya kitenge chake, akarudi naye mbele ya watu wote. Alisimama mbele ya wifi yake. Akamnyooshea mtoto.

Emiliana alimpokea mwanawe, akambana kifuani. Hakusema ahsante.